Ofisi ya tiketi ya pale Posta iliyompeleka mama Mwanza mpaka Columbus kwa tiketi moja

Nimesubiri kuandika hii mpaka mama afike na mabegi yake yafike, na sasa vyote vimefika kwa hiyo naandika. Ni ofisi ndogo ya tiketi za ndege hapa Dar, Posta, ghorofa ya tatu, meza mbili na feni, ukipita haraka huoni hata kibao. Jina siweki maana yule dada anayekata tiketi pale aliniomba nisimuweke mtandaoni, anasema watu walio nao sasa wanawatosha wao wawili, ila anayehitaji kweli aniulize nitamuelekeza.

Lazima nianze na ya mwaka jana ndo mtaelewa. Mdogo wangu yuko Columbus, Ohio, alijifungua mtoto wa kwanza na akataka mama aende akamtunze kwenye uzazi. Mama yuko Mwanza. Mi nikaingia kwenye programu moja ya simu nikakuta nauli ya Dar mpaka Chicago na kuendelea Columbus iko chini sana, nikalipa usiku ule ule nisije nikaikosa, alafu nikamkatia mama ndege ya ndani ya Mwanza Dar pembeni, tiketi nyingine kabisa, shirika lingine kabisa. Katikati nikaacha masaa matatu na nusu nikaona yanatosha na kubaki. Siku ya safari ndege ya Mwanza ikachelewa masaa mawili na nusu. Mama anatua jengo la 2, asubiri begi kwanza, atoke nje, aende mpaka jengo la 3 ambako ndo zinaondokea ndege za nje tangu lilipofunguliwa 2019, tunafika kaunta imeshafungwa. Ndege bado ipo uwanjani, mama anaiona, lakini kaunta imefungwa.

Pale nikaambiwa kwa upole kabisa kwamba ile tiketi ya Mwanza haiko kwenye buking yao, wao wanachojua abiria wa Dar hajafika kwa wakati. Wale wa ndani nao wanasema wamemfikisha Dar, kazi yao imeisha. Na kilichoniuma zaidi nilikijua kesho yake nilipopiga simu kuomba angalau ile ya kurudi ibaki, nikaambiwa abiria asipotokea kwenye kipande cha kwanza cha safari kompyuta inafuta vyote vinavyofuata, kwenda na kurudi. Milioni tatu na laki nne zikaisha hivyo. Mdogo wangu alilea ile miezi peke yake na mama alikuwa akiongea nae kwenye simu anageukia ukutani nisimuone analia. Sijawahi kulisahau hilo na ndo sababu mwaka huu sikutaka kugusa programu yoyote.

Sasa turudi ofisini. Kitu cha kwanza, yule dada hakuanza na bei. Alianza kumuulizia mama, ana miaka mingapi, anatembea vizuri, Kiingereza anasikia, viza ya Marekani imeshatoka au bado, mabegi mangapi, atakaa muda gani na je anaweza akataka kuongeza. Nikawa najibu huku najiuliza mbona haniambii bei, baadae ndo nikaelewa kila swali lilikuwa na kazi yake.

Alafu akanigeuzia skrini. Akanionesha kwamba hilo daraja la kawaida tunalosema ni moja ndani yake lina herufi nyingi, watu wawili wamekaa viti vilivyopakana, chakula kile kile, lakini mmoja ana herufi hii na mwingine ile, na kila herufi ina sheria zake. Akazifungua akanisomea moja moja kwa Kiswahili: ukibadilisha tarehe kabla ya safari unalipa nini, ukibadilisha baada ya kuanza safari unalipa nini, ukiacha kabisa unarudishiwa nini, usipotokea inakuwaje, tiketi inakaa hai muda gani. Nauli ya chini kabisa ilikuwa hairudishwi hata senti na usipotokea umepoteza yote. Ya juu yake, tofauti kama laki mbili na tisini, unabadilisha tarehe kwa dola 150 na tofauti ya nauli kama ipo. Akasema dada angu, mama anaenda kwa mjukuu, huyu hatarudi tarehe utakayoandika, chukua ya pili. Nikachukua ya pili. Ila akasema pia tarehe ya kurudi isizidi miezi sita maana afisa wa uhamiaji pale wa kuingia ndo anayeandika muda wa kukaa, na kwa viza ya matembezi kawaida ni miezi sita.

Kwenye kuunganisha ndege ndo alinikosha kabisa. Zilikuja njia tatu. Ya kwanza ya bei rahisi, Chicago unakaa saa moja na dakika 25 kabla ya ndege ya Columbus. Mi nikaona safi, hasubiri sana. Akakataa katakata. Akanieleza kwamba kila uwanja una muda wa chini wa kuunganisha na kompyuta haiwezi kukuuzia chini ya hapo, lakini huo ni wa chini kabisa, wa mtu anayekimbia na anayejua anakoenda. Ukiingia Marekani, uwanja wa kwanza unaotua ndo unamalizana na uhamiaji, unachukua begi lako mwenyewe kwenye mkanda, unapita forodha, alafu unalikabidhi tena liendelee, hata kama lebo ya begi imeandikwa mpaka mwisho wa safari. Pale O'Hare, huo uwanja wa Chicago, ndege nyingi za kimataifa zinatua jengo la 5 na za ndani nyingi ziko majengo mengine, kwa hiyo kuna treni ya uwanjani ya kupanda na ukaguzi tena. Mama wa miaka 68 ametoka angani masaa kumi na nne, saa moja na dakika 25 zitamtosha wapi.

Njia ya pili ilikuwa inatua New York, JFK, na ndege ya Columbus inaondokea LaGuardia. Kwenye programu ungeona tu "New York" ukadhani ni pale pale. Viwanja vyote viwili viko Queens lakini ni viwili tofauti, unatoka nje na mabegi yako unatafuta gari, foleni ikikukuta imekukuta. Ni kweli tiketi ni moja na inaruhusiwa, ila kwa mama peke yake hapana. Akanifundisha niwe naangalia zile herufi tatu za uwanja nisiangalie jina la mji, ukiona uliposhukia na unapopandia herufi hazifanani ujue hapo kuna barabara.

Tukachukua ya tatu. Mwanza, Dar, mji mmoja wa nchi za Ghuba kusubiri masaa nane, Chicago kusubiri masaa manne na dakika 40, Columbus. Yote tiketi moja, maana lile shirika kubwa lina makubaliano na la ndani. Hiyo ndo niliyoifuata. Ikiwa tiketi ni moja na kipande kimoja kikachelewa, ni kazi yao kumpandisha mama ndege inayofuata. Hakuna wa kukuambia hilo haliko kwenye buking yetu. Na faida nyingine sikuitegemea, mabegi. Kwa tiketi zile mbili za mwaka jana mama aliruhusiwa begi moja la kilo 23 Mwanza na mawili Dar, tukalipia la pili pale Mwanza. Safari hii mawili ya kilo 23 yalikubalika tangu Mwanza, lebo MWZ mpaka CMH ambayo ndo Columbus, dagaa wake na vitenge vya mjukuu vikapita bila kulipia kitu.

Aliomba pia kiti cha magurudumu. Mi nikasema mama anatembea vizuri mbona, akasema sio kwa ajili ya miguu ni kwa ajili ya mtu wa kumsukuma, huyo ndo atakayempitisha uhamiaji, atamsaidia na begi, atampeleka mpaka geti sahihi, na hailipiwi. Kwa mzazi asiyejua lugha hii peke yake ingetosha kunirudisha ofisi ile.

Na kuna jambo la saa ambalo nadhani limeshawaponza wengi. Ndege ya kutoka Dar ilikuwa imeandikwa 01:10 Alhamisi tarehe 12. Ukimwambia mzee wa kwetu saa saba usiku wa Alhamisi atajiandaa Alhamisi yenyewe baada ya kula chakula cha usiku, na hapo ndege imeondoka jana yake. Dada yule alichukua kalamu akaandika juu ya karatasi kwa herufi kubwa, usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi, Jumatano saa tatu na nusu usiku uwe kaunta. Hakuna programu inayokuandikia hivyo.

Kabla sijalipa akanionesha tofauti ya buking na tiketi, hili shikeni kweli. Ile namba ya herufi sita unayotumiwa ni buking tu, inashikilia nafasi kwa muda, muda ukipita bila kulipiwa inakufa. Tiketi yenyewe ina namba ya tarakimu 13 na tatu za mwanzo ni za shirika, kwa mfano 071 Ethiopian, 706 Kenya Airways, 176 Emirates. Mtu akichukua hela yako akakupa zile sita tu, usiondoke pale. Yangu alinipa hapo hapo, nikaingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika nikahakikisha, ndo tukaangalia tena jina herufi kwa herufi na pasipoti, maana kosa likionekana siku ile ile kwa kawaida wakala anaweza kuifuta tiketi na kukata upya bila penalti, ikivuka siku inakuwa stori nyingine.

Mapungufu yapo na nayasema. Bei yao ilizidi ile ya kwenye simu kwa kama laki tatu na ishirini ukichanganya na elfu sitini ya huduma. Meseji wanajibu taratibu. Wiki tatu kabla ya safari shirika lilibadilisha muda wa ndege ya Chicago Columbus, mi niliiona mwenyewe kwenye tovuti, nikamuandikia, nikajibiwa baada ya siku mbili, na hizo siku mbili sikulala vizuri. Aliomba radhi, na kwa sababu mabadiliko yalikuwa ya shirika lenyewe alihamisha mama kwenye ndege nyingine bila malipo yoyote, lakini wafungue namba ya dharura jamani, mtu ukiwa na mzazi angani siku mbili ni nyingi.

Alafu jambo la mwisho hakulipwa kulifanya. Nilipomsimulia ya mwaka jana aliniuliza kama nilidai kodi za viwanja. Sikujua kama zinadaiwa. Akaniambia nauli inaweza kuwa hairudishwi lakini kodi za viwanja ambavyo abiria hakuvitumia mara nyingi unaruhusiwa kuziomba, inategemea sheria ya nauli ile, akasoma ya kwangu akaniandikia barua. Sio tiketi yake na hakupata kitu. Baada ya wiki tano ziliingia laki mbili na elfu arobaini. Nilizituma Mwanza zote kwa mama akanunue kibegi cha pasipoti na viatu vya safari.

Mdogo wangu alinitumia picha mama ameshika mjukuu wake ambaye sasa anatembea, na ameshaniambia mwezi mmoja hautoshi, kwa hiyo wiki ijayo narudi ghorofa ya tatu kubadilisha tarehe. Wanafungua saa tatu asubuhi, Jumamosi mwisho saa saba mchana, Jumapili hawapo. Lifti ya jengo mara nyingi haifanyi kazi, kama unaenda na mzee mpigieni simu kwanza, yule dada anashuka chini na laptopu yake.