Huduma ya kuahirisha mitihani kwa sababu ya ugonjwa: tathmini ya mwanafunzi aliyeitumia

Nikiwa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja cha umma nchini Tanzania, niligundulika kuwa na kifua kikuu, ugonjwa ambao matibabu yake ya kawaida huchukua miezi 6, zikiwa zimebaki wiki 2 kabla ya mitihani ya muhula, nikalazimika kuomba kuiahirisha.

Kwa msingi wake utaratibu huu ni wa haki. Barua ya maombi, pamoja na taarifa ya daktari, hupitia kwa mkuu wa idara, na ombi likikubaliwa mwanafunzi hufanya mitihani maalumu wakati wenzake wanapofanya ile ya marudio. Wengi huichanganya, ilhali tofauti ni kubwa: alama za mtihani maalumu huhesabiwa zote, kama za anayefanya kwa mara ya kwanza, lakini anayerudia hapati daraja linalozidi C hata ajibu vizuri namna gani.

Kinachoniuma ni jinsi mgonjwa anavyozungushwa. Barua yangu ilikaa mezani siku 9, kisha nikatakiwa kuibeba mwenyewe ofisi kwa ofisi, nikikohoa katika korido zilizojaa watu, na taarifa ya hospitali ya wilaya ikabidi ithibitishwe upya na zahanati ya chuo. Aliyeniokoa ni katibu muhtasi wa idara, mama mmoja mpole aliyepiga simu mpaka saini ya mwisho ikapatikana.

Anayeugua aombe mapema, kabla ya siku ya mtihani, na abaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi.