Mkate wa tufaha na mdalasini: ukwaruze tufaha au ulikate vipande?

Kwa ladha, mimi nasimama na vipande. Ukiuma unakutana na tufaha lenyewe, uchachu wake ukipenya katikati ya mdalasini na kungumanga. Chagua tufaha gumu. Lile laini hupondeka lote. Vipande visizidi sentimita 1, la sivyo mkate hubomoka unapoukata.

Kwa unyevu, tufaha lililokwaruzwa liko mbele sana. Maji yake husambaa kwenye unga wote, na mkate hubaki laini hata siku ya tatu. Ila maji hayohayo ndiyo hatari: usipolikamua kidogo, katikati hubaki mbichi huku juu pameshaungua. Kwenye oveni ya nyuzi 175, chomeka kijiti baada ya dakika 50. Kikitoka na rojo, funika mkate kwa foili uurudishe.

Kazi inakaribiana, ingawa ukikwaruza huna haja ya kumenya.

Mkate wa kuliwa leoleo na chai, kata vipande. Wa kukaa siku kadhaa, au wa watoto wanaochambua kila kipande cha tunda, kwaruza.