Nimeingia Comoro kwa viza ya uwanjani: nchi sina ugomvi nayo, ila huyo wa kaunta!

Naandika bado nina hasira kwa hiyo msinitafutie mpangilio. Nani kasema Mtanzania anatakiwa awe na viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya, ndio aende Moroni, mji mkuu wa Comoro? Mie nimeambiwa hivyo, tena na binti wa kaunta ya shirika la ndege, mwenye sare na beji kifuani, mbele ya foleni nzima, kwa sauti ya kutaka kila mtu asikie.

Nilikuwa naenda Ngazija, kisiwa kikubwa cha Comoro, kwenye harusi ya mtoto wa binamu yangu, na si harusi ya kula pilau ukaondoka, ni Anda yenyewe, ile harusi kubwa ambayo familia inajikusanya miaka na miaka, ukikosekana utasemwa mpaka uzikwe. Shirika la ndege silitaji, wanajijua. Nimefika mapema, begi limejaa haluwa ya Zanzibar na nguo za sherehe, nimepanga foleni na adabu zangu. Nafika mbele, shikamoo hakuna, habari hakuna, na ni rika la mwanangu wa mwisho huyo. Kachukua pasipoti, anafunua ukurasa mmoja mmoja kwa ncha ya ukucha, zile kucha za kubandika, akafika mwisho akaifunga. "Mama, viza iko wapi?" Nikamwambia mwanangu, Comoro viza unaikuta ukifika, unalipia palepale. Akacheka. Yaani kacheka! "Comoro si ya Wafaransa ile? Kule ni Schengen mama, nenda ubalozini kaombe."

Ubalozini. Ijumaa jioni.

Sasa nisikilizeni. Comoro imejitawala tangu tarehe 6 Julai 1975. Waliobaki na Ufaransa ni Mayotte, Maore wenyewe wanavyopaita, kisiwa cha nne ambacho Comoro mpaka leo inakidai ni chake. Na tangu 1995 Wafaransa wameweka viza kwa Wakomoro wanaotaka kuingia Maore, watu ni ndugu wa damu, matokeo yake wanapanda viboti vya kwasa-kwasa usiku kutoka Nzwani, kisiwa chao kingine, bahari ya kama kilomita 70, na wanazama. Kwa hiyo ukimwambia Mngazija kwao ni Ufaransa unamtonesha kidonda. Na kinachoniua ni kwamba hata huko Maore Schengen haikufikishi, hakimo kwenye Schengen kile kisiwa, kina viza yake kando! Binti kakosea nchi, halafu hata hiyo aliyoikosea hajui viza yake.

Tiketi yangu imeandikwa HAH, huo ndio uwanja wa Hahaya pale Ngazija. Wa Mayotte ni DZA. Herufi tatu, na ndizo anazoshinda nazo kutwa. Tena mashirika ya ndege yana mfumo unaitwa Timatic, wanaingiza uraia wako na unakokwenda, wanaambiwa viza inatakiwa kabla au unapewa ukifika, kazi ya nusu dakika. Nikamwomba kwa upole aangalie. "Mama, unataka kunifundisha kazi?" Pasipoti akaisukuma kwenye kaunta ikanidondokea miguuni, akaita anayefuata.

Nikakaa pembeni na begi langu, na niseme kweli hasira zote niliwashushia Comoro wenyewe. Nikasema hawa ndio wanaojiponza, nchi gani hii mpaka mtu wa uwanja wa ndege Afrika haijui? Desemba 2019 walikwenda kufungua ubalozi mdogo Laayoune, Sahara Magharibi huko, kuwafurahisha Morocco wanaodai ardhi ile ni yao, jamani Mngazija gani ana duka Laayoune? Mwaka 2008 wakapitisha sheria ya kuuza uraia, maelfu ya pasipoti zikaenda Emirati kwa wale bidoon wasio na nchi, watu ambao wengi wao hata Moroni hawajawahi kuiona, na pesa nyingine hazijulikani zilikopita, mpaka Rais mstaafu Sambi akahukumiwa kifungo cha maisha 2022 kwa kesi hiyohiyo. Saudia akikata uhusiano na Iran 2016, na wao wanakata. Qatar akinuniwa na Saudia 2017, na wao wananuna. Sasa muda wote huo hapakuwa na mtu wa kuwaambia watu wa jirani tu hapa kwamba viza tunatoa uwanjani? Pale pembeni niliwapa nyota mbili kichwani, na ya pili ni ya udugu.

Lakini kadiri nilivyokaa nikaona nawaonea. Nchi haina hata watu milioni moja, ubalozi ni kodi, mishahara, magari, utafungua ngapi? Kura yao huko kwenye vikao ndiyo mali waliyonayo, basi wanaitumia. Na wakubwa nao wanawafanyia hivyohivyo, Wamarekani walifunga ubalozi wao Moroni 1993, mambo yao yote yanaendeshwa kutoka Antananarivo, kwa hiyo kijana wa Moroni akitaka viza ya Marekani anaanza kwanza kutafuta nauli ya Madagaska, kuombea safari kwa safari nyingine.

Na kwetu sisi hakuna cha kusingizia. MOLINACO, chama cha kudai uhuru wa Comoro, kilianzishwa huku kwetu 1963. Wanajeshi wetu walikuwemo kwenye kikosi cha Umoja wa Afrika kilichoingia Nzwani Machi 2008 kumtoa Kanali Bacar, aliyekuwa amegoma kuachia madaraka ya kisiwa hicho. Tuna ubalozi Moroni, na wao wana wao Dar. Rais wao Azali ndiye alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika 2023, dunia nzima imemwona Delhi akikumbatiwa na Modi siku Umoja unaingizwa G20, lile kundi la nchi zenye uchumi mkubwa duniani. Sasa huyu binti siku hiyo taarifa ya habari alikuwa anatazama nini? Maana nchi ndogo ni ndogo, haijafichwa!

Akaja supavaiza. Kaka mmoja mpole, "Shikamoo mama, kuna tatizo gani?" Kapiga herufi zake kwenye kompyuta, akanigeuzia skrini nione mwenyewe: viza unapata ukifika. Binti akatazama kucha zake. Samahani? Wapi! Nikapewa bodingi pasi lakini muda wa mizigo umeshapita, nikaambiwa nikimbie, begi litanifuata.

Hahaya sasa. Jamani! Jengo dogo, joto, foleni fupi, kijana wa uhamiaji kanisalimia kabla sijafungua mdomo, kaniuliza naenda kwa nani, nilipomtajia mji akasema anao wajomba hapo. Yuro 30, stika ikabandikwa, nilitoa noti ya hamsini akanihesabia chenji kwa faranga zao, kama 9,800, noti juu ya noti mbele ya macho yangu. Sijamaliza hata kujifuta jasho niko nje. Zile nyota mbili nafuta, Comoro nawapa nne, na ningewapa tano kama wangetuma watu wao kila uwanja unaorusha ndege kwao wakawafundishe hawa mabinti.

Kwenye Anda nikavaa nguo za kuazima, watu wamemeta dhahabu na mie gauni la shemeji linanibana mabega. Begi lilikuja harusi imeshakwisha, kifuniko cha haluwa kimepasuka, mafuta yameingia mpaka kwenye viatu. Nimewaandikia shirika malalamiko, na skrini ya Timatic nimewaambatanishia. Wamenijibu kwamba wanathamini sana maoni yangu na wanatarajia kunihudumia tena. Nyota moja, na hiyo moja apewe supavaiza mkononi, isipitie ofisini kwao.