Kipimo kizuri, mapokezi ya kufukuza wagonjwa

Hasira hizi ninazo tangu mwezi uliopita, acha leo nizitoe. Nilikwenda kupimwa saratani ya utumbo mpana kwenye hospitali moja hapa Moshi. Baba yangu alikufa kwa ugonjwa huo, na daktari aliniambia mwenye mzazi aliyeugua asingoje miaka 45 kama wengine, akifika 40 aanze, au hata mapema zaidi. Nikaenda mwenyewe bila kusukumwa.

Kutwa nzima sijala, ni chai ya rangi na maji tu. Usiku nikanywa ile dawa ya kusafisha tumbo, nyingi na ya chumvichumvi, nikakesha chooni mpaka yakawa yanatoka maji matupu. Asubuhi nafika miguu inatetemeka. Dada wa mapokezi akapokea karatasi yangu, akamwita mwenzake wa ndani kwa sauti: "Yule baba wa kuingizwa kamera huko nyuma ameshafika!"

Benchi zima likageuka. Wengine nasali nao. Nikamwambia, "Mwanangu, taratibu basi." Hata hakuniangalia: "Sasa baba, si ndicho ulichofuata?"

Mimi ningemeza. Lakini nyuma yangu kwenye foleni alikuwapo mzee mmoja, ameshika karatasi kama yangu. Aliposikia vile akaikunja, akaitia mfukoni, akatoka. Nikajikokota hadi getini, nikakuta ameshapanda bodaboda. Hilo ndilo linaloniuma. Kafunga, kakesha na tumbo, halafu karudishwa nyumbani na mdomo wa mtu!

Kipimo chenyewe sina la kulaumu. Nesi alinifunika vizuri, akanieleza kila hatua, nikachomwa sindano ya usingizi, sikusikia maumivu. Daktari alikuta kinyama kidogo, akakikata palepale na kukipeleka maabara. Vinyama hivyo huchukua miaka mingi, hata 10, kugeuka saratani, na mwenye navyo mara nyingi hasikii chochote.

Nilitaka kuandika msiende pale. Siwezi, nendeni. Lakini nikimkumbuka yule mzee naghairi tena: uongozi umtoe yule dada dirishani, umfundishe kwanza kusema na wagonjwa. Mdogo wangu wa Arusha zamu yake imefika. Nimemwambia aje palepale, ila tutakwenda wote, na karatasi yake nitaipeleka mimi.