TAHADHARI: Wazazi wa Dodoma, kuna tapeli anauza safari za watoto Dubai kwa likizo ya mwezi wa sita

Ndugu zangu wazazi, naomba msome mpaka mwisho kisha mpeleke kwenye magrupu ya shule za watoto wenu. Kuna mtu anajitambulisha kama wakala wa safari, anapita kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi hapa Dodoma akiuza kifurushi cha familia: kwenda Dubai likizo ya mwezi wa sita, watoto wakacheze kwenye zile bustani kubwa za michezo. Familia za Kisasa, Ilazo na Area C tayari zimepigwa. Mojawapo ni ya mdogo wangu, na karatasi zote alizopewa ninazo mimi. Siandiki ya kusikia.

Bei yake inavutia: milioni tatu na laki nane kwa mtu mzima, mtoto nusu, kila kitu ndani. Kianzio ni nusu ya hela yote, na inatumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Hakuna lipa namba ya kampuni, hakuna akaunti ya benki, na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) ukiidai unaambiwa utaikuta ofisini siku ya kuchukua tiketi.

Anachagua watu. Swali lake la kwanza ni kama mmeshawahi kutoka nje ya nchi. Mama mmoja wa Area C alimjibu kwamba anakwenda Dubai mara kwa mara kufuata mzigo, basi hakumtafuta tena. Wale waliosema ni mara yao ya kwanza ndio aliowapigia asubuhi na jioni, akawaita dada na kaka, akawaambia wasihangaike na lolote, yeye atawashika mkono mpaka uwanja wa ndege. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mtu amejinyima mwaka mzima ili mwanawe apande ndege, na ugeni wake ndio unaofanywa mtego.

Sasa mnielewe vizuri hapa, maana hapa ndipo wengi wameingizwa mjini. Mdogo wangu siyo mzembe. Kabla ya kumalizia hela alidai kuona tiketi. Akatumiwa karatasi yenye majina ya watoto yaliyoandikwa sawasawa na pasipoti, tarehe, namba ya ndege ya kutoka Dar, na zile herufi na tarakimu sita za buking. Akaingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika la ndege, akaziweka, na safari ikatokea. Majina yote yapo. Nani angekataa? Akamalizia hela.

Ile buking ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa tiketi. Wakala anaweza kushikilia nafasi kwenye ndege bila kulipa hata senti, na shirika likakaa nayo kwa muda mfupi likisubiri malipo. Muda ukipita bila malipo, inajifuta. Kwa hiyo ukiangalia leo unaiona, na ukirudi baada ya siku chache haipo. Tiketi iliyolipiwa ina namba yake ya tarakimu 13. Ya Emirates huanza na 176, ya Air Tanzania huanza na 197. Kwenye karatasi ya mdogo wangu, mahali pa namba ya tiketi palikuwa peupe. Kijana anayekatisha tiketi mjini ndiye aliyetuonyesha kwa kidole, na hakuchukua hata dakika moja. Pigieni shirika lenyewe, wasomeeni namba ya tiketi, muulize kama tiketi imelipwa. Hiyo simu haina gharama ya maana ukilinganisha na mamilioni.

Na lile tangazo lake, ukiwa na mtu anayeijua Dubai angeligundua palepale. Juu kabisa kuna picha ya lile kasri la Disney lenye minara ya bluu, na maandishi "Disneyland Dubai". Dubai haina Disney. Kampuni hiyo ilitangaza Mei 2025 kwamba bustani yake itajengwa Yas Island, na Yas ni Abu Dhabi, mji mwingine kabisa, mwendo wa saa nzima au zaidi kwa gari. Chini yake ameorodhesha Bollywood Parks, ambayo ilifungwa mwaka 2023. Halafu ratiba: siku moja asubuhi Legoland, mchana Ferrari World, jioni IMG. Legoland iko Dubai, kusini huko karibu na Jebel Ali. Ferrari World iko Abu Dhabi. IMG unarudi tena Dubai. Ukiwa na watoto wadogo hata bustani moja haiishi kwa siku. Halafu mwezi wa sita na wa saba kule joto huweza kupita nyuzi 40, na sehemu kubwa ya Legoland ni ya nje. Mtu anayewapeleka watoto kweli angewaambia muanze na zile zenye paa na kiyoyozi, kama IMG, Ferrari World au Warner Bros. World. Angewauliza pia umri na urefu wa watoto, kwa sababu mabembea mengi yana kipimo cha urefu, na mtoto mfupi anazuiwa mlangoni hata kama kalipiwa. Huyu hakuuliza lolote.

Kuna jambo la pasipoti pia. Amechukua pasipoti halisi za watu kwa maelezo kwamba ni za viza. Viza ya utalii ya Falme za Kiarabu inaombwa mtandaoni kwa nakala iliyoskaniwa na picha. Pasipoti yako inabaki kabatini kwako. Watu walipoanza kudai hela zao, akawaambia watoe laki mbili "za kukomboa" pasipoti. Msimpe. Nendeni Uhamiaji mkaeleze, na polisi pia. Akiwatumia karatasi ya viza, namba yake inaangaliwa kwenye tovuti ya uhamiaji ya kulekule, pamoja na namba ya pasipoti. Karatasi ya mdogo wangu ilikuwa na picha ya mwanawe na namba isiyoleta jibu lolote.

Kwa mnaopanga kwenda na wakala mwingine, jina la kampuni litafuteni kwanza BRELA, wanaosajili kampuni, muombe leseni yake na TIN, na hela iende kwenye akaunti yenye jina hilohilo la kampuni. Viingilio vya bustani nunueni wenyewe kwenye tovuti zao. Huyu alituma picha za msimbo wa kuskani, na familia mbili zilipolinganisha walikuta ni ileile. Msimbo ukishaskaniwa mara moja mlangoni, wa pili anarudishwa.

Mliokwisha kulipa, msikae kimya kwa aibu. Mtoto wa mdogo wangu alikwisha kuwaaga wenzake darasani, na mama yake ndiye anayejificha watu wasimuulize. Aibu siyo yenu. Hifadhini meseji zote na miamala, msifute grupu. Pigieni mtandao wa simu mlikotumia hela, na meseji zake zitumeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa namba 15040. Kisha nendeni polisi mkafungue jalada na kuchukua RB, yaani namba ya taarifa yenu polisi. Mdogo wangu ameshafungua. Mkiwa wengi kwenye malalamiko ya mtu huyohuyo na namba hiyohiyo, inakuwa vigumu kwake kusema ni deni la watu wawili waliokosana.

Picha ya tangazo na karatasi ya buking ninazo. Namba zake siziweki hapa hadharani, ziko polisi. Ukitaka kulinganisha na ulizotumiwa, niandikie inbox nikutumie.