Pambo la harusi ya mdogo wangu Tanga: uzoefu wangu na mpambaji aliyetupa pambo na picha kwa pamoja

Harusi ya mdogo wangu ilikuwa mwezi wa Shaabani, hapa hapa Tanga, na mimi dada mkubwa ndiye niliyeachiwa kazi ya kutafuta mpambaji. Tangu albamu itoke naulizwa kila siku: nani kapamba, kiasi gani, lile jukwaa mlilipata wapi. Naeleza yote hapa. Jina la mpambaji silitaji, kwa sababu kuna kosa lilitokea na nitalisema kama lilivyokuwa. Ni dada wa hapa mjini, anafanya pambo na picha pamoja, na kwa ukumbi wa watu 250 tulikubaliana shilingi 2,200,000, nusu mbele na nusu asubuhi ya shughuli.

Nilimchagua kwa swali lake la kwanza. Wapambaji wawili niliowaendea kabla yake walinifungulia simu wakaniambia chagua, hili la waridi, hili la dhahabu. Yeye aliniuliza, "Dada, sare ya familia rangi gani?" Nikamjibu damu ya mzee, upande wa mama wameshanunua madera. Na jukwaa? Damu ya mzee vilevile, vilingane. Akanionyesha picha ya shughuli aliyoipamba yeye mwenyewe zamani kidogo: wanawake kumi wamesimama mbele ya pazia la rangi ya nguo zao. Vichwa vinaelea. Hujui bega la huyu linaishia wapi na la mwenzake linaanzia wapi.

Nikarudi nyumbani na habari kwamba pazia litakuwa rangi ya maziwa. Shangazi hakukubali. Siku mpambaji alipokuja kutusalimu alimwambia wazi, "Mwanangu, harusi bila rangi ni matanga." Yule dada akamjibu kwa adabu, "Shikamoo shangazi. Rangi mtakuja nayo nyinyi, mimi nawatandikia mahali pa kuonekana." Leo picha ya shangazi na dada zake watatu mbele ya pazia lile iko ukutani kwake, fremu kubwa kuliko zote.

Kwa nini maziwa na si nyeupe kabisa? Alinieleza na nikaja kuyaona kwa macho yangu. Kamera ikikuta weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na nyuso zetu hizi za kahawia zinaingia giza. Tena kitambaa kisiwe satini. Satini ukumbini inapendeza, lakini flashi ikiipiga inarudisha mwanga na kuacha mabaka meupe nyuma ya vichwa vya watu. Alitumia shifoni isiyong'aa, na kochi la maharusi akaliweka mbele ya pazia kwa hatua mbili nzima ili vivuli vyao visilale juu ya kitambaa. Mama alilalamika kwamba nafasi inapotea bure. Haikupotea.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni nguzo. Ukumbi wetu una nguzo nne nene za rangi ya mafuta, mbaya, zinatokea katika kila picha ya kila harusi iliyofanyika pale. Yeye alizizungushia kamba za katani, zile nyuzi za mkonge, kutoka chini mpaka juu, akachomeka majani ya mnazi. Katani ina rangi yake ya maziwa iliyofifia, haing'ai, inakunywa mwanga taratibu, na kwenye picha unaona kila uzi. Mji huu umekula na kuvaa kwa mkonge tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche mwaka 1893, na mimi nimekua nikiona mashamba yake barabarani, lakini sikuwahi kuuona umependeza hivi. Kamba zenyewe tulinunua kwa pesa ndogo, na baada ya harusi baba kazichukua.

Maua nilitaka waridi kutoka Arusha. Tukapiga hesabu ya basi na joto la Shaabani, tukaacha. Tukafanya ya kwetu: asumini na mrehani. Hapa nataka wenye harusi wanisikilize. Asumini ichumwe alasiri ikiwa bado vitumba, itungwe hapo hapo, ifunikwe na kitambaa chenye maji. Inafunguka yenyewe jioni, na wakati bi harusi anaingia iko nyeupe pepepe. Ukiichuma asubuhi, usiku utapiga picha za maua ya kahawia. Bibi yetu ndiye aliyesimamia vikuba, vile vishada vya asumini na mrehani vya kubandika kwenye nguo, na picha ya kikuba kwenye dera la damu ya mzee haihitaji kingine chochote.

Hina pia ina saa yake. Tulipaka siku mbili kabla, kwa sababu rangi inakolea kadiri siku zinavyokwenda, siku ya kwanza inakuwa bado rangi ya chungwa. Picha za mikono zilipigwa asubuhi, mlango wa uani, kwenye mkeka wa ukindu, kivulini, bila taa yoyote. Dakika kumi tu.

Sasa kosa. Makubaliano yalikuwa taa za rangi moja, zile zenye umanjano kidogo. Nilipofika ukumbini saa kumi na mbili jioni nikakuta taa za zambarau na buluu kila pembe. Msaidizi wake alizikodi kwingine kwa sababu za kwao zilikwenda kwenye shughuli nyingine. Nilikasirika sana, na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma. Bi harusi aliingia saa mbili, na picha za mlangoni, zile ambazo hazirudiwi, uso wake umekuwa wa kijivu kama majivu, na ule uchoraji wote wa macho na midomo haupo. Mpiga picha aliniambia hazitengenezeki, maana taa ya buluu haina wekundu ndani yake, na ngozi yetu inataka wekundu. Video nayo ilitembea mistari: taa za bei rahisi kwa umeme wetu wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni, kamera inaona. Akashusha kasi ya shata, ile ya kamera kufunguka na kufunga, mpaka 1/100 ya sekunde, mistari ikaisha. Za rangi tulizizima zote, tukabaki na taa za dari na flashi. Kesho yake yule dada alikuja mwenyewe nyumbani, akaomba radhi mbele ya mama na kurudisha 200,000. Nilizipokea.

La wapiga picha sina lawama. Shughuli ya usiku ilikuwa ya wanawake peke yao, tukasema mapema kamera ishikwe na wanawake, na ikawa hivyo. Simu tulizikusanya mlangoni kwenye ungo, mama mdogo akizilinda. Kadi za kamera zililala kwa mama mpaka picha zilipohamishwa mbele yetu. Hili liandikeni kwenye mkataba, msiliache kwa maneno.

Raskazone, kule ufukweni, tulikwenda na bwana harusi siku ya pili, saa kumi na moja na nusu jioni, jua linatoka ubavuni na ghuba imetulia. Tungekwenda saa nane tungepata vivuli chini ya macho tu.

Binamu yetu anaolewa Rajabu ijayo na kazi nimempa yule yule dada. Nimemwambia taa azilete ukumbini siku mbili kabla, tuziwashe, nisimame mimi mbele ya pazia na dera langu, apige picha moja tuione.