Nimenunua Illmatic mara ya pili, safari hii kwa santuri

Mimi ni fundi redio, kwa hiyo mnisamehe nikitanguliza mlio kabla ya mashairi. Illmatic, albamu ya rapa Nas wa Marekani, nilikuwa nayo tangu shuleni, kwenye kanda ya dakika 60 ya kurekodiwa. Aliyenirekodia hakujali upande A uishie wapi: dakika ya 30 ikamkuta Nas katikati ya wimbo wa nane, kanda ikagota, ukiigeuza ndipo jamaa anamalizia maneno yake. Hadi leo wimbo ule ukifika pale mkono unanyanyuka wenyewe kwenda kwenye redio.

Mwezi uliopita nikajilipua, nikaagiza santuri. Imefika kona ya kasha imejikunja kama sikio la mbuzi, na muuzaji, ambaye simtaji, akanijibu kwamba cha ndani hakijaguswa. Kweli, hakikuguswa. Nikaipangusa, nikashusha sindano.

Kwa wasiomjua: Nasir Jones, mzaliwa wa 1973, kakulia Queensbridge, New York, kwenye maghorofa ya serikali. Shule aliacha darasa la 8. Mwaka 1991 kundi la Main Source likampa ubeti kwenye wimbo wao, watu wakaanza kuulizana huyu dogo katokea wapi. Mwaka uliofuata rafiki yake wa utotoni, waliyemwita Ill Will, akauawa kwa risasi. Albamu ikatoka Aprili 1994, mwenyewe ana miaka 20, na anaongea kama mzee aliyekwisha kuzika wenzake.

Nyimbo ni 10 na wa kwanza ni utangulizi tu, yote hayafiki dakika 40. Wimbo wa pili ni kazi ya mtengeneza midundo DJ Premier: noti chache za piano, nzito, zinazunguka pale pale. Kwenye kanda yangu ule ulikuwa mngurumo mmoja. Hapa besi imekaa chini, piano imekaa juu yake, hawagombanii kiti. Nas anaingia akinung'unika kwamba hajui aanzeje, halafu anaanza, na sijui anapumua saa ngapi.

Ila kilichonimaliza ni wa tatu. AZ, rapa mgeni pekee kwenye albamu nzima, anatangulia, Nas anafuata, kisha mwishoni inaingia koneti, ile tarumbeta fupi, taratibu kama mtu anayerudi nyumbani usiku. Anayepuliza ni baba yake mzazi, Olu Dara, mwanamuziki wa jazi. Kwenye kanda yangu pale palikuwa na mchakacho na kitu kama mbu. Miaka yote hiyo, mimi fundi, nilidhani kanda imeingia vumbi! Nilirudisha sindano mara nne, mama watoto akaja kuuliza kama mashine imekwama.

Upande wa pili kuna One Love, barua kwa rafiki aliye gerezani: nani kapata mtoto, nani kamgeuka nani. Huo sikilizeni wenyewe, sitauharibu.

Albamu zake za baadaye sizinunui kwa santuri. It Was Written ya 1996 ilishika namba moja Marekani, lakini kwangu imepakwa poda nyingi. Distant Relatives ya 2010 naipenda, pale yeye na Damian Marley wanapotupia "habari gani, nzuri sana" juu ya mdundo wa Mulatu Astatke wa Ethiopia. Wateja wakiisikia kibandani hucheka. Grammy yake ya kwanza aliipata 2021 kwa King's Disease, ana miaka 47. Hizo simu inatosha.

Hii ya 1994 nunueni, mradi muwe na amplifaya na spika za maana. Kile kipleya cha mkoba chenye spika zake ndani msihangaike nacho, koneti ya mzee Dara itarudi kuwa mbu.